Kabla ya Kushika Brashi: Namna ya Kuchora Mtaa Pamoja na Wanaoupita

Ukuta wa kwanza niliopewa kuchora hapa Arusha ulikuwa wa shule ya msingi, umetazama barabara. Nilikaa siku sita juu ya ngazi. Twiga, Mlima Meru, watoto na madaftari yao, vyote nikaviweka. Mwalimu mkuu alifurahi, wazazi wakapiga picha. Wiki iliyofuata mwalimu wa zamu akanipigia simu: njoo usimame nami getini saa ya kutoka. Nikaenda, nikaona. Mtoto akitaka kuiona picha nzima ilibidi arudi nyuma hatua nne, na kwenye hatua ya tatu tayari alikuwa juu ya lami, mgongo kaupa bodaboda. Nilikuwa nimewachorea mtego, tena wa rangi nzuri.

Haya ninayoandika nimeyajua baada ya siku ile. Ni ya yeyote anayetaka kutumia rangi, vigae na akili za majirani ili mtaa upitike na kila mtu: kikundi cha vijana, kamati ya shule, mchoraji, mwenyekiti wa mtaa mwenye ari. Chagua kipande kidogo, mita 100 hadi 200, au njia panda moja. Anayeanza na kata nzima huishia kwenye semina.

Kwanza angalia sanaa kubwa ya jiji letu imekaa wapi. Mnara wa Saa uko katikati ya kipilefti. Mnara wa Azimio, karibu na makumbusho yake, nao uko katikati ya kipilefti. Yote miwili huonekana vizuri ukiwa garini, na ukitaka kuifikia kwa miguu lazima ukatize magari. Sisi tutaanzia pembeni, pale miguu inapokanyaga.

Hatua ya 1: Jua unachora juu ya mali ya nani

Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kwenda Moshi au ya Namanga, ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Ukuta una mwenyewe. Mtaro mara nyingi una wenyewe watatu, kila mmoja akimwelekeza mwenzake. Barabara kuu achana nazo katika kazi yako ya kwanza: kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi yake ni mita 60, magari yanakwenda kasi, na hapo panataka wahandisi, si wachoraji.

Ruhusa zianzie kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukianzia juu, barua yako itashushwa kwake aulizwe kama anakufahamu, na asipokufahamu habari imekwisha. Baada yake ni mtendaji wa kata, diwani, ofisi ya TARURA na askari wa usalama barabarani. Jijini kuna afisa utamaduni na afisa maendeleo ya jamii. Wapitie mapema, usiwasubirishe mpaka siku ya uzinduzi. Karatasi inayofungua milango yote ni moja: muhtasari wa mkutano wa mtaa uliokubali kazi, umeambatanishwa na mahudhurio yenye saini. Bila huo, mchoro wako hata uwe mzuri namna gani ni ombi la mtu binafsi. Kwenye barua itaje pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo imegusa suala la maeneo ya umma kufikika. Nakala ya kila barua igongewe muhuri wa kupokelewa, uitunze.

Alama rasmi za barabarani hazikuhusu. Zebra, mistari ya katikati, vibao vya mwendo: usivichore, usivipambe. Mtaa ukihitaji kivuko, hilo ni ombi kwa TARURA, na matembezi ya hatua inayofuata yatakupa hoja za kuombea.

Hatua ya 2: Tembea, na usitembee peke yako

Hapa ndipo kazi ilipo. Nikiambiwa nina siku kumi, tano nazimalizia hapa.

Nenda mara tatu: saa 12 na nusu asubuhi watoto wakienda shule, saa 7 mchana jua likiwa la utosi, na saa 1 usiku. Mtaa mmoja, lakini utaona mitaa mitatu. Kama uko karibu na Soko la Kilombero au Soko Kuu, ongeza alfajiri mizigo inaposhushwa, kwa sababu njia ya miguu uliyoiona jana jioni asubuhi inakuwa stoo ya viazi.

Waite watu wafuatao watembee nawe: mtoto wa darasa la pili, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa mkongojo, mtu anayetumia kiti mwendo, asiyeona mwenye fimbo nyeupe, mwenye ualbino, kiziwi, msukuma mkokoteni, dereva bodaboda. Kuna mtindo wa kumkalisha kijana mzima kwenye kiti mwendo "ajionee". Sipendi. Yule ataijua shida ya dakika kumi na kuondoka na huruma. Mwenye kiti chake anajua njia anazozikwepa, anajua mvua ikinyesha anapitia wapi, na anajua dukani kwa nani wanamletea sukari nje kwa sababu hawezi kuingia. Mlipe kwa siku yake kama unavyomlipa fundi.

Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga mkali humsumbua. Mmoja ndiye aliyenionyesha kwamba ukuta mweupe unaotazama jua la mchana unampofusha hatua chache tu kabla ya mtaro. Mimi nilikuwa nimeupanga ukuta ule upakwe weupe zaidi, ili rangi zangu zing'ae.

Chukua chaki za rangi mbili. Nyeupe ni ya mahali panapokukwamisha, nyekundu ni ya mahali panapokutisha. Kila mmoja achore chini mwenyewe, na mtoto wa darasa la pili achore bila kusaidiwa. Asiyeona akigonga fimbo chini mara mbili, mwenzake anaweka alama pale pale. Mkimaliza, mtaa wenyewe umekuwa ramani. Upige picha kutoka kwenye ghorofa au mgongoni mwa gari. Usishangae nyekundu zikijaa mtaroni. Mitaro yetu ya mawe, mirefu na isiyo na mifuniko, watu wazima tumeizoea hadi hatuioni. Mtoto anaiona kwa sababu ina kina cha kifua chake.

Kisha toa futi ya kupimia. Kiti mwendo kinahitaji njia isiyopungua sentimita 90, na mita 1.5 ndipo kinapoweza kugeuka. Viti viwili kupishana vinataka mita 1.8. Mteremko wa kupandia uwe 1 kwa 12: ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8, siyo ule ubao wa mbao unaoegeshwa mlangoni na kuitwa njia ya walemavu. Pima upana ulioachwa kati ya meza ya machinga na nguzo ya umeme. Pima pia kutoka kila ukuta unaofikiria kuuchora mpaka ukingo wa lami, na namba hiyo iandike kwa wino mzito.

Mwisho, pima mwendo wa magari. Huna haja ya kifaa cha trafiki. Weka alama mbili za chaki, mita 25 baina yake, kaa pembeni na saa ya simu. Gari likitumia sekunde 3 kutoka alama hadi alama, linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia chini ya sekunde 2, limekaribia 50 au limezidi, na 50 ndio ukomo wa sheria kwenye makazi. Pima hivyo magari na pikipiki 50 katika kila zamu ya matembezi, andika. Mtu anayegongwa na gari la kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kupona. Kwa 50 nafasi hiyo inapungua sana. Namba hizi zinasikilizwa ofisini kuliko hotuba yoyote.

Hatua ya 3: Vikao, kwa wingi

Mkutano wa mtaa unakupa muhtasari, lakini haukupi ukweli wote. Pale wanasema wanaume wenye sauti, wengine wanaitikia. Kwa hiyo wafuate watu walipo. Kina mama utawapata siku ya kikoba. Bodaboda wako kijiweni, na kijiwe ni baraza: ukifika keti, usisimame juu yao na karatasi. Wanafunzi wape karatasi wachore njia yao ya kwenda shule. Wataweka mbwa, shimo, na duka la muuza barafu, na vyote vitatu ni taarifa. Bibi wa Kiarusha au Kimeru asiyejiamini kwa Kiswahili apate mjukuu wa kumfasiria. Kikao kikiwa na kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama. Shemeji anayejua ishara mbili tatu hatoshi.

Machinga na mama ntilie mara nyingi hukumbukwa siku ya kuondolewa. Waite mwanzo. Meza zao ni kikwazo kwa kiti mwendo, kweli, lakini macho yao ndiyo yanayofanya mtaa upitike saa 2 usiku. Mahali nilipowahi kufanya kazi tuliwaomba wachore wenyewe mstari wa meza zao zisivuke wapi. Walichora mstari uliorudi nyuma kuliko ule tuliotaka kuwaomba.

Posho itaulizwa, usijifanye hukuitegemea. Msimamo wangu: chai na maandazi kwa wote, malipo ya siku kwa waliotembea nawe na kupoteza kazi, na orodha ya malipo ibandikwe ofisi ya mtaa. Kinachowekwa wazi hakileti maneno.

Kuchagua, tumia maharage. Panga makopo, kila kopo lina mchoro au tatizo lake, na kila mtu mpe punje tatu azigawe apendavyo. Hakuna anayeogopa kuonekana ameinua mkono kinyume na diwani. Mwenyekiti naye atie zake, lakini azungumze wa mwisho.

Hatua ya 4: Jaribu kwa chokaa

Usinunue rangi bado. Chukua chokaa ile ya kuchorea viwanja vya mpira, matairi mabovu na mapipa, uweke mtaani kwa wiki moja kile mlichokubaliana: kona iliyobanwa ili magari yakate polepole, mstari wa meza, eneo la bodaboda kusubiri abiria, ukanda wa watembea kwa miguu. Wote wanaoshika chokaa wavae barakoa na kulinda macho, maana inaunguza. Askari wa barabarani awe na taarifa, na usiku matairi yaondolewe au yafungwe vitambaa vya kung'aa.

Siku ya kwanza vijana wa maigizo wanaweza kusaidia. Bogotá, miaka ya 1990, meya Antanas Mockus aliweka njia panda waigizaji wa kimyakimya waliowakejeli madereva wakorofi, na madereva wakaona aibu. Vijana wetu wa vichekesho hawakosi kipaji hicho.

Rudia kipimo chako cha mita 25. Kona kubanwa ndiko kunakopunguza mwendo. Rangi inalieleza tu jambo hilo. Marekani waliwahi kulinganisha maeneo 17 yaliyochorwa lami, kabla na baada, wakakuta ajali zinazohusu watembea kwa miguu na wengine wasio na kinga zimepungua kwa asilimia 50. Nafurahi kuitaja, lakini baadhi ya maeneo yale yalipangwa upya pamoja na kupakwa rangi, na dereva wa kule si wa Sakina yetu hapa Arusha. Mfano wa nyumbani ninauamini zaidi: shirika la Amend lilianza Dar es Salaam kuboresha njia za kwenda shule kwa vitu vya kawaida tu, njia za miguu, matuta, vivuko, vibao, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

Hatua ya 5: Mchoro wenyewe, na somo la kanga

Watu wakiniuliza nitachora nini, ninawaonyesha kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mtaa ni vivyo hivyo.

Pindo ni ukingo. Pita kando ya mtaro na ukanda wa upana wa sentimita 60, wa rangi moja nzito isiyofanana kabisa na lami wala zege: njano kwenye lami nyeusi, au bluu iliyokoza kwenye zege jeupe. Ujirudierudie kama pindo la kanga linavyojirudia, ili jicho hafifu lifuate. Kisha mguu na fimbo navyo vipate chao: chomeka changarawe au vipande vya vigae kwenye saruji mbichi ili ukanda ukwaruze. Wazo la kuisomesha miguu lina historia yake. Mjapani Seiichi Miyake alibuni mwaka 1965 vigae vyenye vinundu kwa ajili ya wasioona, na vya kwanza vikatandikwa Okayama mwaka 1967, mwaka ule ule Azimio la Arusha lilipotangazwa. Vigae vilivyovunjika vinapatikana kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kingo kali zizamishwe kwenye saruji, ukipitisha kiganja kisikwaruzike.

Mji ni uwazi wa katikati, na hapa wachoraji tunaharibu. Njia wanayopita watu iache tulivu. Usichore mashimo ya kuigiza, ngazi za uongo, wala mistari inayozunguka. Kwa mwenye uoni hafifu au mzee mwenye matatizo ya kumbukumbu, duara jeusi ni shimo. Mwaka 2021 mamlaka ya usafiri ya London ilisitisha vivuko vipya vya rangirangi baada ya watu wenye ulemavu kulalamika. Maua yako yaweke kwenye kona zilizobanwa, mahali pasipopitwa.

Jina ni maneno. Yawe ya watu wa pale, waliyoyachagua kwa maharage, yaandikwe kwa herufi nene na kwa kimo cha macho ya mtoto, mita 1 hivi kutoka chini, na mengine yachongwe au yafinyangwe yaguswe. Mtaa mmoja walikataa methali zote nilizowapelekea wakachagua "Pita taratibu, mama yako yumo". Sikuwa na la kuongeza.

Kuhusu kuta: namba uliyoiandika kwa wino mzito sasa inafanya kazi. Kama kutoka ukutani hadi lami ni chini ya mita 3, usichore picha kubwa moja. Chora vipande vidogo vinavyofuatana, vya kusomwa ukitembea, hadithi inayokwenda mbele na mtu. Picha kubwa ipeleke penye uwanja. Na jamani, si kila ukuta unataka simba. Tembo na Kilimanjaro tunawachorea wageni. Anayeamka mtaa wa Unga Limited angependa kumwona fundi cherehani, au mto Themi ulivyokuwa kabla ya takataka.

Makubaliano na mchoraji yawe ya maandishi: malipo, muda, nani anamiliki mchoro. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda, hata kama mtaa ndio uliolipa. Mfadhili akubaliwe kwa masharti, jina lake dogo pembeni basi. Niliwahi kukubali rangi za bure, nikajikuta mtaa mzima umevaa sare ya kampuni.

Hatua ya 6: Siku za rangi

Kwepa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba. Juni na Julai ni kavu lakini Arusha ni baridi na ukungu; usianze kabla ya saa 4 asubuhi, umande ukishakauka. Septemba inafaa, ila vumbi lake litaganda kwenye rangi mbichi, kwa hiyo mwagia maji njia za jirani mapema.

Fagia, sugua kwa sabuni palipomwagika oili ya bajaji, osha, subiri siku nzima. Ukutani chubua rangi inayobanduka, piga msasa, weka rangi ya msingi. Lita 1 ya rangi ya maji hutosha mita za mraba 8 hadi 10 ukipaka mara moja. Lami ina mikwaruzo, hunywa mara mbili ya hapo au zaidi. Chini tumia rangi ya barabara na unyunyizie mchanga laini uliochekechwa ikiwa bado mbichi. Rangi ya mafuta inayong'aa usiiweke panapokanyagwa hata upewe bure: mvua ya kwanza mtu anavunja nyonga. Uliza dukani rangi isiyo na risasi, hasa karibu na watoto.

Fanya nusu barabara kwa nusu barabara, na koni na vikoti vya kung'aa. Kila kundi lipate sehemu yake ya kupaka, hata mwenye kiti mwendo: brashi ikifungwa kwenye mpini wa fagio anafika chini vizuri.

Mifuniko ya mitaro ni gharama kubwa kuliko rangi yote. Kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu kinaweza kuifyatua kama biashara na kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4, 4 na 2.

Hatua ya 7: Baada ya picha za uzinduzi

Katika kila shilingi 10, weka 3 za matunzo tangu siku ya kwanza. Rangi ya chini itachoka masika ya kwanza, na bomba litachimbwa katikati ya ua lako, hilo usiwe na shaka. Tunza kopo dogo la kila rangi pamoja na karatasi ya namba za michanganyiko. Kamati ya watu watano inatosha, mmoja wao awe muuzaji wa pale, kwa sababu yeye yuko kila siku.

Baada ya miezi mitatu waite wale wale mliotembea nao, saa zile zile, na chaki zile zile. Pima tena mita 25. Nyekundu ikijitokeza mahali pale pale, usiongeze rangi. Piga picha, ambatanisha na muhtasari na namba zako za mwendo, urudi TARURA kuomba tuta au kivuko.